Sadi na Sini

Nizwa, ofisi ya vitambulisho, saa nne ya asubuhi.
Kiyoyozi kinanguruma kama tumbo la aliyefunga.
Karani, macho yake mezani, anaita:
"Saffar!"

Tukasimama wanne.

Muhanna kwanza. Huyo hata watoto wa Birkat al-Mauz wanamjua,
refa aliyempa shemeji yake kadi ya njano mbili
ndani ya dakika tatu,
mkewe akahamia kwao mwezi mzima.
Kisha Daktari Mayasa,
anayefunua kope la mgonjwa kwa kidole gumba
akaisoma safura kabla maabara hawajawasha taa.
Kisha Thani, mfua shaba wa nyuma ya ngome,
kucha zake kijani kwa kutu,
ambaye birika zake hupelewa mabalozi
na yeye mwenyewe hunywa chai ya karatasi.
Na mimi, Asya, mzaliwa wa Wete,
mwalimu wa hesabu, darasa la tano,
nisiyejulikana na mtu
ila wale ninaowafundisha sifuri.

"Ndugu?" karani akauliza.
"Hapana," tukajibu wote,
haraka kidogo kuliko adabu.

Thani ndiye aliyefafanua, kama anayedai deni:
Saffar si damu, ni nyundo.
Palipogongwa shaba, jina liliota,
na mvua haiulizi mbegu zilitoka ghala lipi.

Nikarudi kitini na herufi zangu tatu.
Sadi, fe, re.
Nikazipanga gotini kama mbegu za bao.
Humo mna shaba ya manjano,
mna kadi iliyomo mfukoni mwa Muhanna,
na filimbi yake pia, maana mluzi nao ni wa hapo.
Mna nyongo, na macho ya mgonjwa wa Mayasa.
Mna utupu: sifuri, duara nililochora ubaoni juzi,
mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, huo si mdomo wa sufuria?"
Nikamwambia akae chini.
Alikuwa amesema kweli, nami sikujua.

"Mia moja na saba!"

Karani akaigeuza karatasi ya marehemu baba.
Akaigeuza tena.
"Wewe si wao," akasema. "Wewe umeandikwa kwa sini."

Kumbe.
Mwandishi fulani wa Wete, wino umekaribia kumwishia,
alikula fe moja, akaandika *Safari*.
Huku wakairudisha kwenye Kiarabu kama walivyoisikia:
sini, ile yenye meno matatu kama kitana,
si sadi, yenye tumbo.
Baba yangu, aliyetapika ndani ya boti ya Mkoani
hata kabla kamba haijafunguliwa,
baba aliyesema mguu wa mtu una haki ya kupumzika,
akabeba jina la msafiri miaka yote,
na mwishowe, nadhani kwa aibu tu, akalitii.
Akaja hapa na kikapu kimoja
na mama, na mimi tumboni mwa mama
na mdomo wake umefungwa ndimu.

Hapana. Niliandika mimi nilizaliwa Wete.
Ndivyo isemavyo karatasi. Mama alisema vingine.

"Turekebishe?" karani akauliza. "Riali tano, na mashahidi wawili."
Nikageuka. Muhanna alikuwa ameshasimama.
Mayasa anatafuta kitambulisho chake mkobani.
Thani alitazama dari, kisha saa,
kisha akaja, akinung'unika kuhusu duka aliloacha wazi.

Sikurekebisha.
Niliwashukuru, nikawanunulia kahawa pale nje,
wakainywa wamesimama, kila mmoja akitazama gari lake.

Jioni nilibandika wali.
Sufuria yangu ni ya alumini, imetoka China,
haina chembe ya shaba tangu ukingo hadi kitako,
bado tunaiita vilevile.
Nikaigonga kwa mwiko.
Ikaitika.